Nilimuahidi Mungu nitamwacha akipona, akapona. Sasa kuna kitabu kimenifukua

Shikamoo Anti,

Naomba usitoe jina langu wala la kanisa langu. Mi ni Mtanzania, mzaliwa wa Moshi, naishi London ya kusini miaka mingi sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, mara nyingi shifti za usiku. Ni Mkatoliki, sio wa kusema rozari kila siku lakini Jumapili sikosi labda niwe nimetoka shifti asubuhi. Najua watu wanakuandikia mambo ya wakwe na mahari, mi nakuja na kitabu, utacheka ila nivumilie.

Iko hivi. Maktaba ya mtaani kwetu ina kikundi cha kusoma, wote mnapewa kitabu kimoja mnaenda kukisoma nyumbani halafu mnakutana jioni mnakijadili na chai na biskuti. Nilijiunga ili Kiingereza changu kiweze kuongea vitu vingine zaidi ya presha na dawa za wazee. Safari hii tukapewa The End of the Affair cha Graham Greene, cha mwaka 1951, na kilichonivuta mwanzoni ni kwamba mambo yanatokea Clapham Common, ule uwanja mkubwa wa nyasi ambao mi napita na basi nikienda kazini.

Kwa ambao hawajakisoma, kuna mwandishi anaitwa Bendrix ana uhusiano na mke wa mtu, Sarah, mume wake ni mtumishi wa serikali anakaa ng'ambo tu ya uwanja. Ni wakati wa vita, Juni 1944, Wajerumani wanarusha yale mabomu yanayokuja yenyewe bila rubani, moja linaanguka jirani Bendrix akiwa ameshuka chini, Sarah anashuka anamkuta amelaliwa na mlango, anamgusa mkono, anaamini kafa. Anarudi chumbani anapiga magoti, na huyo ni mtu asiyeamini chochote, anamwambia Mungu mrudishe huyu na mimi namwacha kabisa. Mara jamaa huyo mlangoni, mzima. Sarah anaondoka maishani mwake bila kueleza. Bendrix anakaa karibu miaka miwili anamchukia, anajua kapata mwanaume mwingine, mpaka anakodi mpelelezi, mpelelezi anamwibia Sarah daiari, ndo anagundua aliyemnyang'anya ni Mungu.

Anti, ile sehemu ya magoti niliisoma saa tisa usiku nikiwa mapumziko kazini, ikabidi niende kujifungia chooni.

Kwa sababu mi nimefanya hivyohivyo. Ilikuwa Aprili 2020. Kulikuwa na mtu, ni Mtanzania mwenzangu, tulikutana huku, mke na watoto wako Arusha, ndoa ya kanisani, na nilijua, sijifichi. Corona ikampata vibaya akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Hospitali zilikuwa haziruhusu wageni, na hata zingeruhusu mi ningejitambulisha nani? Anayepigiwa simu na madaktari ni mke wake, mi habari napata kwa jamaa aliyekuwa anapanga naye. Usiku mmoja yule jamaa akanambia wamesema familia ijiandae. Nikapiga magoti jikoni na yunifomu ya kazi, nikasema Mungu akipona namwacha, namrudisha kwa mke wake, sitamtafuta hata kwa simu. Akapona. Alivyotoka akanipigia, sauti hana, anaongea kwa kupumzika, mi nikakata. Nikambloku, nikahama na nyumba. Mpaka leo hajui kwa nini.

Mwaka jana kanipata. Anasema ameshaachana na mke wake na talaka ya mahakama imetoka. Ananiandikia meseji ndefu usiku, nikibloku namba anakuja na nyingine. Ameanza kusali kanisani kwangu, anakaa viti vya nyuma, hanisogelei, misa ikiisha anaondoka zake. Anasema anataka tu kujua alikosa nini. Na anasema Mungu alimtoa kwenye ile mashine kwa ajili yangu. Unaona hapo Anti? Yeye anaamini alipona ili anipate, mi najua alipona ili anikose. Nikimjibu kitu kikampata nitaishije. Anyway.

Kwenye kikundi sasa. Kuna mzee Mwingereza alisema huyo Sarah alihitaji daktari wala sio padri. Kuna mama wa Kinigeria, mlokole, yeye alitoa simu akatusomea Mhubiri sura ya 5, kwamba ukiweka nadhiri usikawie kuitimiza, akasema mwanamke huyu ndo mtu pekee mwenye akili kwenye kitabu kizima. Binti mmoja mdogo akasema mapenzi gani haya, Bendrix ni mtu wa kuripotiwa polisi. Wakabishana wee, kila mtu anamwongelea Sarah kama yupo chumba cha pili, na mi nimekaa na kikombe changu naona wananiongelea mimi. Sikusema neno. Anayetuongoza akasema kikao kijacho kila mtu aje na ukurasa mmoja, kitabu kimekugusa vipi. Nimeuandika. Nimeandika ukweli wote.

Sasa sijui kipi ni kipi. Nadhiri yangu bado ipo au imekwisha maana ameshaachana na mke? Nimwambie kilichotokea ili atulie? Na ule ukurasa niusome mbele za watu au niuchane niandike kuhusu mandhari ya Clapham?

Msomaji wako, London

*

Marahaba mdogo wangu,

Sijacheka. Wa mahari watasubiri.

Umeniuliza maswali matatu lakini barua yako ina manne, la nne umelipitisha haraka haraka ukaweka "anyway" ili nisilione. Umesema ukimjibu kitu kikampata utaishije. Mi naona hilo ndo limekaa kooni miaka yote hii na hayo mengine yanalizunguka tu, kwa hiyo niruhusu nianze nalo.

Unaogopa kwamba uhai wake umeshikiliwa na ukimya wako. Kwamba kuna mkataba mahali fulani, ukinyanyua simu tu, mwenye mkataba anakuja kuchukua chake. Sikulaumu kwa kufikiri hivyo, wewe ni mtu wa nyumba ya wazee, 2020 uliona watu wanaondoka kwa macho yako, na usiku ule hukuwa na kitu kingine cha kutoa isipokuwa yeye. Lakini nakuuliza kwa upole, huyo Mungu anayesubiri ukosee ili amuue mtu, umefundishwa na nani? Kwenye Biblia yuko Yeftha, Waamuzi 11, aliyeapa kwamba akishinda vita atamtoa sadaka atakayetoka kwanza mlangoni kwake, akatoka binti yake wa pekee. Habari ile haina mahali Mungu anapomdai. Anayeshikilia neno lake mpaka mwisho ni Yeftha. Sisemi kisa chako ni hicho, nasema tu kwamba si kila ahadi tunayompa Mungu aliiomba yeye.

Halafu nirudi kwenye kitabu chako, maana na mimi nimekisoma, na nikwambie kweli Bendrix alinichosha, kuna kurasa nilitamani kumpiga kofi. Hukusema Sarah alimkuta amekufa, umeandika "anaamini kafa". Mwandishi ameuacha mlango huo wazi makusudi. Bendrix mwenyewe anachukulia kwamba alizimia tu. Sarah anaamini amejibiwa. Msomaji anaachwa katikati, ndo maana mzee wako na mama wa Kinigeria wanaweza kusoma mistari ileile na kila mmoja akatoka ameshinda. Na kuna jambo huenda hamkuambiwa kwenye kikao. Sehemu za mwisho, baada ya Sarah kufa, kuna maajabu yanatokea, mtoto wa mpelelezi anapona tumbo, na Smythe, yule jamaa anayehubiri kwamba hakuna Mungu, anapotelewa na lile doa kubwa la shavuni. Greene baadaye alilijutia hilo doa. Alisema kila kinachoitwa muujiza mle ndani kilitakiwa kiwe na maelezo ya kawaida vilevile, na kwenye toleo la baadaye akalibadilisha likawa ugonjwa wa ngozi ambao unaweza kuletwa na mawazo tu. Yaani mwenye kitabu mwenyewe, Mkatoliki, aliona amemsukuma Mungu sana. Mtu wako alipona mwezi ambao manesi walikuwa wanawageuza wagonjwa kifudifudi usiku kucha ili hewa ipite. Unaweza kumshukuru Mungu kwa hilo na bado ukaacha kujiona wewe ndiye plagi ya ile mashine.

Kuhusu nadhiri yenyewe, hapa usisikilize kikundi na usinisikilize mimi peke yangu, kwa sababu kanisa lako lina utaratibu na watu wengi hawaujui. Sheria ya Kanisa ya 1983 inasema nadhiri ni ahadi anayopewa Mungu kwa hiari na kwa kufikiri, ya jambo jema linalowezekana. Inasema pia inaweza kukoma, kwa mfano kile ulichoahidi kikibadilika kabisa au lengo lake likiwa halipo tena. Na kama ni nadhiri ya mtu binafsi kama yako, paroko anaweza kukuondolea kama kuna sababu ya haki na hakuna anayedhulumiwa, au wewe mwenyewe unaweza kuibadilisha kuwa jambo jema linalolingana nayo au kuizidi. Kwa hiyo mama wa Kinigeria hajakosea, nadhiri ni kitu kizito, ila haijafungwa na kufuli lisilo na funguo. Padri atakuuliza ulikuwa na hali gani usiku ule, ulijua unasema nini, na atakuuliza habari za mke.

Na mke ndo tumfikie sasa. Wewe umeandika kana kwamba talaka ya mahakama imeondoa kila kitu ikabaki nadhiri tu. Lakini umenambia mwenyewe ndoa ilikuwa ya kanisani, na unajua kanisa lako linavyoiangalia talaka ya mahakama, kwamba haivunji ndoa hiyo. Kwa hiyo hata paroko akikufungua kesho, bado ndoa ipo mezani mpaka mahakama ya kanisa iseme vingine, wapo watoto, yupo mama mmoja Arusha aliyekuwa anapokea simu za madaktari usiku. Sarah naye ilimkuta hiyo, alienda kwa padri akitaka kujua kama akiwa Mkatoliki anaweza kuolewa na Maurice, yaani huyohuyo Bendrix, padri kila akiulizwa anajibu hapana. Kwake nadhiri ilikuwa sababu mojawapo tu. Najiuliza kama na wewe nadhiri yako haijawa msumari mmoja uliotundikiwa makoti ya nyumba nzima. Hofu ipo hapo, aibu kwa mke wake ipo hapo, hasira kwamba hukuwa na jina hospitali ipo hapo, na labda, nasema labda, kuna sehemu yako ilishachoka kuwa mtu wa pembeni kabla hata ya corona, na usiku ule ikapata ruhusa ya kuondoka ambayo isingemuumiza mtu. Kama hilo si kweli, lifute. Kama lina ukweli hata kidogo basi swali la kutaka au kutomtaka huyu mtu ni lako, na halijajibiwa na nadhiri hata siku moja.

Nimwongelee yeye. Hapa naomba ukae chini.

Unamsikitikia, na mimi pia namsikitikia. Mtu ametoka kwenye kifo, anapiga simu kwa mtu anayempenda, inakatwa, miaka inapita. Bendrix ameandika kitabu kizima cha chuki kwa sababu ya kutojua. Lakini kumbuka Bendrix ndo anayesimulia, na kila anachofanya kinaonekana mapenzi kwa sababu sauti ni yake. Ukiondoa sauti kinachobaki ni mwanaume aliyemkodia mwanamke mpelelezi na kusoma daiari yake ya wizi. Tena ile daiari ya Sarah inayotutoa machozi sote iliandikwa na mwanaume. Greene aliingia Ukatoliki 1926 akitaka kuoa Mkatoliki, na wakati anaandika kitabu hiki alikuwa na mke na alikuwa anampenda mke wa mtu mwingine, Catherine Walston, ndo yule "C" uliyemwona ukurasa wa mwanzo, ambaye kitabu kimetolewa kwake. Kwa hiyo moyo wa Sarah tunaoulilia ni moyo ambao mtu wa upande wa Bendrix aliutamani uwe hivyo. Ni kitabu kizuri mno, ila usikubali kikupe majibu ya Sarah halafu ukayaona yako.

Sasa huyu wako. Anabadilisha namba ukimbloku. Amehamia kanisani kwako. Hakusogelei, kweli, lakini anahakikisha unajua yupo. Na ameshamwingiza Mungu, anasema aliponywa kwa ajili yako. Inawezekana ni mtu mwenye maumivu asiyejua pa kuyapeleka, wapo wengi. Inawezekana pia ni mtu ambaye neno hapana halimfikii. Kwa mbali siwezi kujua, wewe unaweza kupima kwa kitu kimoja, je kuna jibu ambalo akilipata ataacha? Kuna riwaya nyingine ya Kiingereza, Enduring Love ya Ian McEwan ya 1997, ambamo kijana anaamini Mungu amemtuma kwa mwanaume mwingine na kwamba anapendwa, na kila akikataliwa anaona ni ishara ya mapenzi yaliyofichwa. Mwaka huohuo Uingereza ikapitisha sheria ya kuzuia usumbufu, na 2012 ikaongezwa humo kwamba kumfuatilia mtu ni kosa lenyewe. Yule binti wa kikundi hakuwa anatania. Sikwambii uende polisi. Nasema zihifadhi zile meseji usizifute, na awepo rafiki mmoja wa karibu anayejua hali ilivyo, kwa sababu ulivyoandika inaonekana hakuna anayejua isipokuwa mimi.

Kumwambia habari ya nadhiri ili atulie... nakuelewa, na ni haki yake kwa namna fulani. Ila fikiria atasikia nini. Ukimwambia mtu nilikuacha ili uishi, umemwambia nilikupenda kuliko nafsi yangu, na huyu anayesema Mungu alimponya ili akupate atachukua neno hilo moja tu atakimbia nalo. Bendrix alipomaliza kusoma daiari hakutulia hata dakika, alishika simu palepale kumwambia Sarah anakuja, Sarah akatoka nje na homa yake kwenye hali ya hewa mbaya ili amkwepe, jamaa akamfuata mpaka kanisani, na hakupita muda akafa. (Kama wenzako waliangalia filamu ya 1999, kule wameweka mpaka safari ya Brighton, mji wa pwani, na furaha kidogo, kitabuni hakuna.) Upande wa pili, ukimya nao una gharama, unampa nafasi ya kujaza anachotaka. Kuna njia ya katikati, barua fupi isiyo na nadhiri ndani yake, kwamba hukukosa kitu, niliondoka kwa uamuzi wangu, naomba usiniandikie tena na usali kwingine. Hiyo nayo ina hatari yake, wengine wakipata mstari mmoja wanaona mlango umefunguka. Na kama ukikaa na padri ukagundua kweli unamtaka, hiyo ni safari nyingine ndefu yenye mahakama ya kanisa na watoto wa watu, haitaanzia kwenye meseji ya saa nane usiku. Mi ningependa umwone paroko kwanza kabla ya kumjibu yeye chochote, kwa sababu ukimjibu ukiwa bado unaamini maisha yake yako mkononi mwako, utaandika barua ya mtu anayeomba radhi.

Umebaki ukurasa. Nimeona umeuandika wote, na sidhani uliuandika kwa ajili ya wale wa maktaba. Lakini nimefikiria kile kikao, watu wanabishana kama Sarah ni mgonjwa au mtakatifu au mjinga, na mezani pao yupo mtu mmoja aliyewahi kupiga magoti kama yeye, amenyamaza. Yule mzee angeweza kusema alichosema kama angejua? Pengine angesema. Wengine wana huruma sana kwa watu wa vitabuni tu. Ukiusoma, kile kijiji kidogo cha Waswahili wa London unakijua, neno linaweza kumfikia kabla ya Jumapili, na hapo utakuwa umemwambia bila kuchagua. Usiuchane lakini. Mpelekee padri, usome kwake ulivyo, itakuokoa kutafuta maneno. Akikujibu haraka haraka ndani ya dakika tano, mtafute padri mwingine. Na kwa kikundi unaweza kuandika mwingine mfupi kuhusu jambo ambalo hakuna aliyeliuliza siku ile, hiyo miaka karibu miwili Sarah aliishije, alikuwa anakula nini, analala saa ngapi, nani alikuwa anajua. Hapo hata ukitaja uwanja wa Clapham hutakuwa umekwepa.